Nyimbo zangu za mapenzi za Kiswahili hazisikiki hapa Arua: nifanyeje?

Swali: Habari mwalimu. Naishi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nimerekodi nyimbo tatu za mapenzi kwa Kiswahili, na ninaoupenda zaidi niliupandisha YouTube miezi minne iliyopita. Mpaka leo umetazamwa mara 312, na wengi ni jamaa zangu. Redioni kuna aliyeniambia nitoe chai kwanza. Rafiki zangu wanasema nihamie Kiganda, niende Kampala nipige video kali. Nimeweka akiba ya shilingi milioni mbili. Nizitumie vipi? Kiitikio changu ni hiki: "Penzi lako limenifanya nisahau kila kitu nilichokuwa nacho zamani."

Jibu: Ndugu, milioni mbili hizo usizipeleke Kampala kwanza. Kutazamwa mara 312 kwa miezi minne hakumaanishi kwamba watu wameukataa wimbo. Maana yake ni kwamba wengi hawajakutana nao, na wachache waliokutana nao hawakuona la kuufanyia.

Wimbo wa kuchezwa hubebwa na miguu ya watu. "Sitya Loss" ya msanii wa Uganda Eddy Kenzo mwaka 2014 ilivuka mipaka kwa sababu watoto wa Ghetto Kids waliicheza kwenye video, na dunia ikasimama kuwatazama. Wimbo wa mapenzi hubebwa na mtu mwenye jambo moyoni asiyejua aliseme vipi. Ndiye anayeutuma WhatsApp saa nne usiku, anayeuweka kwenye status baada ya ugomvi, anayepiga simu redioni kuomba upigwe kwa ajili ya fulani. Kwa hiyo jiulize: nani atauazima wimbo wangu, amwambie nani, kuhusu nini? Wimbo unaosema tu kwamba mapenzi ni matamu hauazimwi na mtu. Wimbo wa kuomba msamaha huazimwa. Wa kumsubiri aliye mbali huazimwa sana, na wewe uko Arua, mji ambao nusu ya wapenzi wake wako Kampala, Juba au ng'ambo ya mpaka Kongo. Kama mmoja kati ya nyimbo zako tatu unazungumzia umbali, anza na huo hata kama si unaoupenda wewe.

Sasa kiitikio. Hesabu mizani (silabi) ya mstari wako: ni 27. Hakuna atakayeuimba akiwa juu ya boda boda. Washairi wa Kiswahili walilimaliza jambo hili zamani walipoukata mstari wa shairi vipande viwili vya mizani nane nane, na sikio la msemaji wa Kiswahili bado linapumzika hapohapo. Wazo lako ni zuri, maneno ndiyo mengi. Jaribu hivi: "Umenisahaulisha / hata njia ya nyumbani." Nane na nane. Hapo pia "kila kitu" kimeondoka na mahali pake pameingia njia ya nyumbani, kitu ambacho msikilizaji anakiona. Huo si lazima uwe mstari wako, lakini mstari wowote utakaoutunga upime hivyo. Kisha wapigie wimbo watu kumi wasio ndugu zako, mara mbili tu, bila kuwauliza kama wameupenda, maana watakuambia ndiyo ili msikosane. Kesho yake waombe wakuimbie kiitikio. Wakikosea maneno lakini wakaipata sauti, rekebisha maneno. Wasipoipata hata sauti, rudi kwenye gitaa. Kwa kipimo changu, watatu kati ya kumi wakiimba sawasawa unaweza kuingia gharama.

Baada ya hapo shika saa. Biti nyingi za mapenzi zinazopigwa kwetu ziko karibu na mapigo 100 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja wa mapigo manne huchukua sekunde 2.4. Ukiwa na utangulizi wa mizunguko minne na ubeti wa mizunguko minane, kiitikio kinaingia kwenye sekunde ya 29. Ukiweka ubeti wa mizunguko 16, kama wanavyopenda wanaoimba wakiwa na mengi ya kusema, kiitikio kinasogea hadi sekunde ya 48, na wengi wameshaondoka. Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale tu mtu anapofika sekunde ya 30, kwa hiyo kumfikisha hapo akiwa na hamu ni jambo la hesabu pia. Kama biti yako ni ya mapigo 80, mzunguko mmoja ni sekunde tatu kamili: punguza utangulizi uwe mizunguko miwili, na kiitikio kitaangukia sekunde ya 30.

Lakini madijei wanataka kinyume chake. Wao wanahitaji nafasi ya kuingiza wimbo wako juu ya uliotangulia, na wimbo unaoanza na sauti ya mtu papo hapo huwakera. Dawa ni kumwomba prodyuza wako akutolee matoleo manne kwa siku hiyohiyo: la mtandaoni lenye utangulizi mfupi, la madijei lenye mizunguko minane ya biti tupu mwanzoni na minane mwishoni, la ala peke yake, ambalo utalihitaji siku ukiitwa kuimba kwenye arusi au televisheni, na safi la sherehe, ambalo nitalirudia. Omba pia uhifadhiwe faili za kila ala peke yake. Prodyuza akibadilisha kompyuta kabla hujaziomba, hutazipata tena.

Kuhusu miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, kosa linaloua nyimbo za mapenzi hapa nyumbani ni besi. Studio ina spika kubwa, wimbo unavuma, kila mtu anafurahi. Msikilizaji wako ana spika ya simu, na spika ya simu haitoi besi nzito hata kidogo. Kama gitaa la besi ndilo pekee linaloshika mwendo wa wimbo, kwenye simu kinachobaki ni sauti yako na kelele za kofi. Hakikisha kuna ala ya katikati, gitaa la solo au kinanda, inayofuata mwendo uleule. Jaribio la pili: cheza wimbo kwenye spika moja ya bluetooth. Sauti za kurudufu zilizotandazwa kushoto na kulia mara nyingine hufifia zikikutanishwa pamoja, na baa nyingi hupiga kwa spika moja au mbili zilizounganishwa. Jaribio la tatu ni ndani ya teksi injini ikinguruma. Neno la kwanza la kiitikio lisiposikika hapo, mwambie prodyuza aipandishe sauti ya mwimbaji. Wala usimsukume afanye wimbo uwe na kelele kuliko zote. Majukwaa makubwa husawazisha sauti, na Spotify hulenga -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa kupita kiasi hushushwa tu na kubaki umechoka.

Juu ya lugha, rafiki zako wanakupoteza. Kiganda ni lugha ya soko kubwa, sikatai, lakini Kiganda cha kujifunzia kwenye wimbo husikika kwa mstari wa kwanza, na Waganda wana hazina ya nyimbo za mapenzi tangu enzi za mwanamuziki wa zamani Elly Wamala. Utashindana nao kwa lugha yao wenyewe? Jose Chameleone, Mganda kabisa, alipata njia yake ya mapema kupitia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990 akichanganya Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichomfanya aeleweke kwa majirani. Wewe unacho tayari. Weka kiitikio kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mtu wa Kampala asiyekijua vizuri anakipata: moyo, roho, nyumbani, rudi, nakungoja. Ubeti wa pili weka mistari miwili au minne ya Kilugbara. Mtu wa Arua akisikia lugha yake ndani ya wimbo wa Kiswahili atauonyesha kwa wengine, na mtu wa Bunia kule Kongo hatapotea, kwa sababu kiitikio kinamrudisha.

Wimbo ukishakuwa tayari, uanzie hapohapo ulipo. Redio kwanza. Tangu redio binafsi zilipoanza mwaka 1993, FM zimejaa kila wilaya, na karibu kila moja ina kipindi cha usiku cha salamu na nyimbo za taratibu. Hicho ndicho chako. Achana na kipindi cha asubuhi ambacho kila msanii anakigombania. Sikiliza wiki nzima, andika ni kipindi gani, saa ngapi, mtangazaji nani. Mpelekee flashi yenye MP3 ya kbps 320, iliyopewa jina la msanii na la wimbo (mafaili yanayoitwa "final final 2" yamejaa kwenye kompyuta za redio na hakuna anayeyafungua). Ambatanisha nusu ukurasa: jina lako linavyotamkwa, wimbo unahusu nini kwa mistari miwili, namba ya simu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili ili jina libaki. Kisha omba kitu kimoja tu: aupige kwenye salamu na awaulize wasikilizaji nani ana mpenzi aliye mbali. Hapo umempa mtangazaji kazi ya kufanya, na simu zitaingia. Usipige simu mwenyewe kuuomba wimbo wako kwa sauti ya kubana pua. Watangazaji wanazijua sauti za wasanii wote wa mji.

Chai usitoe. Wimbo uliolipiwa mfukoni hupigwa mpaka hela iishe, na mtangazaji akihama kituo umebaki na nini? Kama una fedha ya redio, nunua tangazo rasmi la sekunde 30 lenye risiti, kiitikio chako kikiwa ndani.

Njia ya pili wengi huidharau: barabara. Mabasi ya usiku kati ya Arua na Kampala hupita Pakwach na Karuma yakiwa yamejaa watu ambao ama wameacha mtu au wanamfuata mtu. Kule Kampala hushukia Arua Park, ambako wafanyabiashara wa West Nile (eneo lenu la Arua), Kongo na Sudan Kusini hukutana na Kiswahili hakikosekani. Madereva na makondakta hupiga nyimbo kutoka flashi, na flashi hizo hujazwa na madijei wa mjini na vibanda vya kupakia nyimbo. Kwa hiyo usimfuate dereva, mfuate dijei anayemtengenezea mchanganyiko. Mwombe akuweke wa tatu au wa nne, si wa kwanza. Wimbo wa kwanza hupigwa watu wakibishana juu ya viti. Wape vibanda MP3 yako bure, ikiwa na jina lako na namba ya simu ndani ya taarifa za faili. Ndiyo, kibanda kitalipwa na wewe hutalipwa. Kwa hatua uliyopo, wizi haujawa tatizo lako bado.

Njia ya tatu ni sherehe, na hapa ndipo wimbo wa mapenzi unapata maisha marefu. Wimbo uliopigwa bibi harusi akiingia hubaki kwenye video ya familia kwa miaka, na kila mgeni mwenye binti wa kuoza anaukumbuka. Iwe kwanjula (sherehe ya utambulisho) kwa Waganda, kuhingira (sherehe ya kumwaga bibi harusi) kule magharibi, au arusi za Wanubi na Waislamu wa kwenu ambako Kiswahili hakihitaji mkalimani, anayechagua nyimbo ni dijei na emsii. Wao hukwepa wimbo wenye mstari hata mmoja wa kitandani, kwa sababu wakwe wamekaa mbele. Ndiyo maana nilisema toleo safi la sherehe. Rekodi upya mstari huo. Usiufunike kwa mlio, maana mlio huwafanya wazee waulize kilichofichwa. Waambie wazi wimbo unafaa wapi: kuingia, kukata keki, au picha za familia. Kwa kuingia, ile mizunguko minane ya mwanzo inampa bibi harusi muda wa kutoka mlangoni kabla sauti haijaanza. Kwaresima arusi za makanisa hupungua, Agosti na Desemba huongezeka, kwa hiyo panga kufika kwao mwezi mmoja kabla. Na usisubiri tarehe 14 Februari ndipo utoe wimbo, kama kila mtu anavyofanya. Mtu hatumi wimbo asioujua siku ya wapendanao. Utoe mapema Januari, Februari iukute umeshazoeleka.

Mtandaoni, anza kwa kufungua takwimu za YouTube za wimbo ule wa kwanza. Tazama mchoro unaoonyesha watu wanaondoka wapi. Wakianguka ndani ya sekunde 20 za mwanzo, video yako inaanza na maigizo au jina la studio linalozunguka, toa. Wakifika mwisho lakini ni wachache, wimbo hauna kosa, haujafikishwa tu. Wimbo mpya utoe kupitia msambazaji wa mtandaoni kama DistroKid au TuneCore wiki nne kabla ya siku yenyewe. Atahitaji faili ya WAV (ya sauti isiyobanwa), picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000, na majina ya watunzi yaliyoandikwa sawasawa. Spotify inataka ombi la kuwekwa kwenye orodha zake lifike angalau siku saba kabla, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hapo. Kwenye fomu ya msambazaji kuna sehemu ya kuchagua klipu ya TikTok ianzie wapi. Wengi huiruka, kisha klipu inaanza kwenye utangulizi. Weka sekunde mbili kabla ya kiitikio. Fanya hivyohivyo kwenye wimbo wa kusubiri simu wa kampuni za simu: anayepiga husikia sekunde chache tu kabla ya kupokelewa, basi zisiwe za kinanda. Soma mkataba wa wakala wa huduma hiyo, uone mgao wako ni asilimia ngapi na unalipwa lini.

Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na wengi wanaoiingia hupitia VPN, programu inayoficha mtu yuko nchi gani, hivyo matangazo ya kulipia ya kulenga "Uganda" hayapigi shabaha. Nguvu peleka WhatsApp: klipu ya sekunde 25 yenye kiitikio na maneno yakionekana, ndogo ili isimalize data ya mtu. Mtu anayetaka kumtumia mwenzake ujumbe anahitaji maneno yasomeke. Usinunue watazamaji wa uongo. YouTube huwafuta, na kwenye majukwaa ya muziki msambazaji anaweza kuuondoa wimbo na kukudai faini.

Kabla ya yote hayo, biti yako umeipata wapi? Kama ulichukua ya bure YouTube, kuna wengine kumi wenye biti hiyohiyo, na mmoja wao akiwa ameisajili, mfumo wa YouTube utaudai wimbo wako na mapato yatakwenda kwake. Tengenezewa biti mpya, na andikianeni na prodyuza karatasi moja: nani anamiliki rekodi, utunzi mnagawana vipi, sahihi mbili, tarehe. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inakulinda tangu wimbo unaporekodiwa, lakini kuusajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi, na kujiunga na UPRS, chama kinachokusanya malipo ya wanamuziki, ndiko kunakokuwezesha kudai mgao wako nyimbo zinapopigwa hadharani.

Ile milioni mbili ningeigawa hivi, nawe urekebishe kwa bei za mjini kwako. Laki nne kwa kurekebisha kiitikio, miksi na matoleo manne. Laki sita kwa video rahisi: mahali pawili, watu wawili, mchana, hapohapo Arua, bila maigizo mwanzoni. Laki moja kwa msambazaji na usajili. Laki tano kwa flashi, data, nauli na kuwazungukia madijei, watangazaji na vibanda. Laki nne zilizobaki usiziguse hadi wiki ya sita. Wakati huo utakuwa umeona wapi wimbo unaombwa wenyewe. Kama ni kwenye salamu za redio, weka hela yote kwenye tangazo la kituo hicho. Kama ni kwenye sherehe, jaza flashi nyingine uende miji ya jirani, Koboko na Nebbi. Kama ni kwa abiria wa Arua Park, hapo ndipo nauli ya Kampala ina maana, na utakwenda ukiwa na watu wa kukupokea.

Ikifika wiki ya nane hakuna asiyekujua aliyeuomba wimbo, hata mmoja, usiuongezee fedha. Chukua wa pili kati ya zile nyimbo tatu, upeleke kwa watu kumi wengine, na uanze kuhesabu mizani.